Galoni ya rangi kali Mtwara: mashine inachanganya vizuri, ukuta ndio unaoangusha

Sebule nyingi za Mtwara mjini, iwe Shangani au Magomeni, zina kuta za rangi ya maziwa. Mama mwenye nyumba amejifunga kanga ya manjano na zambarau, mkeka wa ukindu aliokalia una kijani na waridi, mlango wa mbele umepigwa bluu inayoonekana tangu barabarani, lakini ukutani ni maziwa, au ile kahawia iliyopoa ambayo fundi huichagua mteja akimwambia "weka yoyote tu". Hakuna anayeogopa rangi huku. Kinachoogopwa ni hasara: watu wamesikia rangi kali inakula mikono mitano, yaani kupakwa mara tano, au wamemwona jirani akipiga bluu kabla ya mvua, na mvua ilipokatika ukuta ukaota unga mweupe kuanzia usawa wa goti kushuka chini.

Kinachopimwa hapa ni bidhaa moja: rangi ya maji ya ndani, aina ya silki yenye mng'ao wa wastani, iliyochanganywa kwa mashine dukani katika rangi zilizokolea. Bluu ya kina kirefu, damu ya mzee, manjano ya embe lililoiva, kijani cha chupa, chungwa la udongo. Huuzwa kwa kopo la lita 1, galoni ya lita 4 na ndoo ya lita 20, iwe umechanganyiwa hapahapa au imeletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam. Kwa mwenye haraka, hukumu ni hii: bidhaa ni nzuri na inastahili bei yake kwenye ukuta mkavu, rangi za kuziogopa kweli ni nyekundu ya moto na manjano ya limau. Lawama nyingi zinazotupiwa kopo ni za ukuta, na nyingi ya zinazobaki ni za maji anayoongeza fundi.

Kinachotokea kaunta

Rangi ya mashine haitokani na rangi nyeupe ya kawaida iliyotiwa tone. Kiwanda huleta makopo ya msingi, dukani huitwa besi, kwa kawaida aina tatu au nne. Besi ya rangi laini imejaa titani dioksaidi, ule unga mweupe unaoifanya rangi ifunike kilicho chini yake. Besi ya rangi zilizokolea ina unga huo kidogo mno, au haina kabisa. Ukifunguliwa kopo lake kabla ya kuchanganywa utaona kitu kama uji mwepesi wa mchele uliopoa, mweupe wa kudanganya. Kipake kwenye kioo, kikikauka kinabaki kama gundi iliyomwagika. Kisha mashine inadondosha nyuzi za rangi nyembamba kama tambi, nyeusi, nyekundu, bluu, zinajikunja juu ya ule uji. Kopo linafungwa, linabanwa kwenye kitikisio dakika mbili tatu, linafunguliwa tena, na muuzaji anachovya kidole na kupaka alama juu ya mfuniko.

Hapo ndipo bei inapotoka. Damu ya mzee inazidi nyeupe kwa bei kwa sababu unalipia kikolezo, yaani zile nyuzi za rangi, kitu ghali, na kimeingia kingi. Inafunika vibaya kuliko nyeupe kwa sababu haina ule unga wa kuziba mwanga. Huo si wizi. Wizi ni pale duka lililoishiwa besi ya rangi kali linapokuchanganyia kwenye besi nyeupe: nyekundu inatoka waridi, bluu inatoka ya shati la shule, hata wakiongeza kikolezo namna gani. Soma aina ya besi kwenye kopo kabla mashine haijaanza, maana ikishadondosha kopo ni lako.

Dai pia karatasi ya fomula ibandikwe kwenye mfuniko: namba ya rangi, aina ya besi, na kiasi cha kila kikolezo. Jina peke yake halisaidii, kila kampuni ina "bluu ya bahari" yake. Na nunua yote kwa siku moja. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, na barabara yenyewe ina siku zake. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, ilikatika upande wa Somanga na mizigo ya kusini ikakwama. Ukuta uliopigwa nusu hausubiri daraja. Hata makopo mawili ya fomula moja hupishana kidogo kwa jicho, hivyo kabla ya kuanza mimina yote kwenye ndoo kubwa, koroga mpaka chini, ndipo uyarudishe kwenye makopo yake. Fundi atalalamika kwamba ni kazi ya bure. Mwache alalamike, lakini amimine.

Kuhusu kuchagua: kadi ya rangi isisomwe chini ya taa ya duka, toka nayo hadi mlangoni. Kisha usiiamini hata hiyo kadi. Nunua kopo la lita 1, piga mikono miwili kwenye kipande cha silingi bodi cha sentimita 60 kwa 60, acha pembeni ukingo mweupe, na ukitembeze chumbani siku mbili, asubuhi, alasiri na usiku taa ikiwa imewaka. Rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana nyepesi kuliko itakavyokuwa; ikikauka inakolea. Wengi hukimbilia kurudisha kopo au kuongezwa kikolezo wakati rangi haijakauka hata saa mbili.

Mikono mingapi, galoni ngapi

Rangi kali hazifuniki sawa. Jamii ya oksaidi za chuma, yaani nyekundu ya udongo, damu ya mzee yenye ukahawia, manjano ya haradali na kahawia yenyewe, hufunika vizuri, hazipauki kwa jua wala haziungui na saruji. Mikono miwili, mitatu ikizidi. Bluu na kijani zilizokolea zinataka mitatu. Nyekundu ya moto, manjano ya limau na chungwa la kung'aa hutumia vikolezo vinavyopitisha mwanga. Ile mikono mitano inayosimuliwa mitaani hutokea hapo, na hata baada ya mitano ukiutazama ukuta kwa mshazari bado unaona michirizi ya rola.

Dawa yake ni kuupa mkono wa chini rangi yake, badala ya kuongeza mikono ya juu. Chini ya nyekundu na bluu ya kina piga kijivu. Kijivu hicho kitengeneze mwenyewe kwa rangi nyeupe ya bei nafuu na kikolezo cheusi, kidogo kidogo, mpaka kifikie rangi ya jivu la mkaa. Chini ya manjano na chungwa piga waridi hafifu au rangi ya ganda la yai la kienyeji. Usithubutu kijivu, kwa sababu manjano juu ya kijivu hugeuka embe bichi. Mkono mmoja wa namna hii hukuokolea miwili ya rangi ghali.

Hesabu sasa. Chukua chumba cha mita 3.6 kwa 3, kimo mita 2.8. Kuta zote nne ni kama mita za mraba 37. Toa mlango na dirisha, zinabaki 33. Kopo litakuambia lita moja inatosha mita za mraba 10 hadi 12, na hiyo ni kwa ukuta laini kama sahani. Kwa plasta ya kawaida iliyopigwa skimu, ule mpako mwembamba wa kulainisha, na msasa weka 8. Ukuta mmoja mrefu ni mita za mraba 10: lita 1.3 kwa mkono, na kwa mikono mitatu ni chini kidogo ya lita 4. Galoni moja, ukuta mmoja, mikono mitatu, na kinabaki kikombe cha kurekebishia. Kuta zote nne kwa mikono mitatu ni lita 12.5, maana yake galoni tatu na kopo moja la lita. Ukuta ambao haujaskimiwa, ule wa plasta ya chapuchapu, shusha hesabu hadi mita 6 kwa lita, na jiandae kununua galoni ya pili.

Ukuta wenye chumvi

Lindi na Mtwara watu huvuna chumvi kwa kukausha maji ya bahari mashambani. Nyumba iliyojengwa kwa mchanga wa ufukweni, au saruji yake ikakorogwa kwa maji ya kisima chenye chumvi, inafanya kazi hiyohiyo ukutani bila kulipwa. Masika maji yanapanda kutoka kwenye msingi na kuyeyusha chumvi iliyomo. Kiangazi ukuta unapokauka maji yanatokea usoni, chumvi inabaki. Kwenye ukuta wa maziwa huioni. Kwenye bluu iliyokolea ni kama mtu amepuliza unga wa muhogo.

Itazame kwa karibu. Ni nywele nyeupe, fupi, zimesimama, ukizigusa zinavunjika kimya. Ukionja kwa ncha ya ulimi, ni chumvi ya kweli. Nyingine haina ladha na imeganda kama ukoko: hiyo ni chokaa ya saruji, inatoka kwenye plasta changa, na mara nyingi huisha yenyewe plasta ikikomaa. Chumvi ya bahari haiishi hivyo. Inavuta unyevu wa hewani hata pasipo mvua, ndiyo maana ukuta huo huo unakuwa na madoa ya giza asubuhi na kukauka mchana. Ikikosa pa kutokea, inasukuma rangi kutoka nyuma mpaka itoe malengelenge ya ukubwa wa korosho. Ukilipasua moja utakuta unga ndani, na ngozi ya rangi ikiwa nzima kabisa. Rangi haikuharibika. Imeachishwa ukuta.

Kipimo ni rahisi na bei yake ni kipande cha nailoni. Kata nailoni nene ya sentimita 50 kwa 50, ibandike kwa tepu pande zote nne, sentimita 30 kutoka sakafuni, iache saa 24. Ukikuta matone upande wa ndani, au plasta iliyo chini yake imekuwa nyeusi, ahirisha. Fanya hivyo kwa kila ukuta wa nje na ule unaopakana na bafu. Ukuta mmoja kuwa mkavu hakusemi lolote kuhusu mwenzake.

Chumvi iliyokwisha kutoka iondoe kwa brashi kavu na uizoe sakafuni. Usioshe kwa maji: unaiyeyusha na kuirudisha ndani, itatoka tena wiki ijayo. Rudia kwa wiki kadhaa za kiangazi mpaka brashi itoke safi. Ikiwa plasta yenyewe imeoza na inamong'onyoka, ibomoe mpaka sentimita 50 juu ya mahali chumvi ilipofikia, upige mpya kwa mchanga wa mtoni uliooshwa na maji baridi yasiyo na chumvi, usubiri siku 28, kisha praima, yaani mpako wa kutangulia rangi, inayostahimili saruji, ndipo rangi. Nyumba isiyo na nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi itaendelea kupandisha maji hata ukifanya yote hayo. Hapo ni busara zaidi rangi kali ukaipeleka ukuta wa katikati ya nyumba, na wa nje ukauacha na rangi nyepesi.

Zile siku 28 ni za lazima hata pasipo chumvi. Plasta changa ni kali kama magadi, na baadhi ya vikolezo visivyo vya oksaidi huungua: unaamka na ukuta wenye mabaka yaliyochujuka kama kanga ya bei poa baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Nyeupe ingeficha kosa hilo. Rangi kali inalitangaza.

Angalieni pia skimu. Mafundi wengi hupenda ya jipsamu kwa kuwa ni laini na rahisi kupigwa msasa. Juu ya mita moja haina tatizo, lakini chini yake, kwenye ukuta unaovuta maji, jipsamu huvimba na kulainika kama mkate uliolowa. Sehemu hiyo tumia skimu ya saruji, ngumu kupigwa msasa, ila inabaki ukutani. Na ule mkanda wa chini wa rangi ya mafuta unaopendwa sana, damu ya mzee hadi usawa wa kiuno, una maana Newala na Tandahimba, ambako vumbi jekundu linapanda ukutani kila kiangazi na mkanda unafutika kwa kitambaa. Shangani, kwenye nyumba inayopandisha maji, mkanda huohuo unaziba mahali hasa ambapo ukuta unatakiwa kupumua. Malengelenge hayakawii.

Nyumba kongwe ni suala lingine. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mikindani, zimekuwa zikitoa unyevu kupitia usoni miaka yote. Rangi ya plastiki ya silki, hata iwe ya bei gani, ni koti la mvua kwa mtu anayetokwa jasho. Huko bidhaa hii tunaikataa kabisa. Chokaa iliyokorogwa na oksaidi ndiyo yake: chokaa iliyolowekwa vizuri na kuchujwa, oksaidi iliyolainishwa kwanza kwa maji ya moto, isizidi moja ya kumi ya uzito wa chokaa kavu, mikono mitatu minne myembamba kama maziwa, ukuta ukiwa umelowanishwa kidogo. Utapata manjano ya udongo, nyekundu ya kigae, waridi. Bluu kali hupati, na nguo inayoegemea ukuta itabeba kidogo. Kwa uzuri wa ile rangi, yenye mawingumawingu, ni bei ndogo.

Ukuta wa kawaida uliowahi kupigwa chokaa nao una mtihani wake. Pitisha kitambaa cheusi. Kikitoka cheupe, hakuna rangi ya kopo itakayoshika hapo. Kwangua, futa, piga praima ya kushikiza. Usipofanya hivyo, rola ya mkono wa pili itakuja na vipande vya mkono wa kwanza.

Mng'ao, mwanga na mahali pa kuiweka

Mati, ile isiyong'aa, kwa rangi kali inapendeza kuliko zote siku ya kwanza: bluu inakuwa kama kitambaa. Baada ya hapo kila bega linalopita koridoni linaacha mng'ao, na haufutiki, kwa sababu si uchafu, ni rangi iliyosuguliwa. Iweke nyuma ya kitanda, au juu kusikofikiwa na watu. Silki inafutika na inavumilia watoto, ila inaonyesha kila kibonde cha plasta, hasa penye dirisha la pembeni. Ya mafuta iachie milango, fremu na vyuma vya dirisha.

Mtwara iko karibu nyuzi 10 kusini, kwa hiyo dirisha linaloelekea kaskazini hupata jua kuanzia Machi hadi karibu mwisho wa Oktoba, na la kusini hulipata Novemba hadi Februari. La magharibi linachomwa mwaka mzima, na ukuta unaolitazama ndio wa kuweka jamii ya oksaidi; waridi kali na nyekundu ya moto hapo zitapauka na kuacha kivuli cha kabati mahali palipokuwa na kabati. Nyumba zenye baraza pana mbele ni za giza ndani. Wengi hudhani chumba cha giza kinataka rangi nyeupe, wakati nyeupe isiyopata mwanga hugeuka kijivu cha maji ya kuoshea vyombo. Manjano ya haradali au nyekundu ya udongo inabaki na uhai hapo. Na yule anayehofia kwamba rangi nzito italeta joto ndani aangalie juu kwanza: joto la chumba linatoka kwenye bati lisilo na dari.

Taa inaua rangi nyingi zaidi ya jua. Balbu nyeupe kali ya 6500K, iliyojaa madukani, inaipeleka damu ya mzee kwenye zambarau iliyochoka na kuifanya haradali ionekane mgonjwa. Badilisha balbu mbili ziwe za mwanga wa njano, 2700K au 3000K, kabla ya kulaumu kopo.

Rangi gani na gani? Kadi ya dukani ina mamia, na wingi huo ndio unaowarudisha watu kwenye maziwa. Kanga ni mwalimu bora. Ina mji, yaani sehemu ya katikati, pindo na maandishi, na kwa kawaida rangi zake ni mbili au tatu zilizokwisha kupatanishwa na mtu anayejua kazi yake. Chukua unayoipenda: rangi ya mji iwe ukuta mmoja mkubwa, ya pindo iwe mlango au rafu, na ile inayotokea kidogo iwe mito ya kochi. Kuta tatu zilizobaki ziwe nyeupe iliyovunjwa kwa tone la rangi ileile ya ukuta mkubwa, si nyeupe ya hospitali. Vinyago vya mpingo, ambavyo huku havikosekani sebuleni, vinapotea kabisa mbele ya bluu ya kina au kijani cha chupa. Viweke mbele ya haradali au chungwa la udongo, uone kila mkunjo wa uso ukitokeza. Mikeka ya rangi inakubaliana na karibu kila kitu. Kochi la maua hapana.

Sakafu ya saruji nyekundu, kama unayo, tayari ni rangi kali namba moja chumbani, wala usiihesabu kama sifuri. Bluu na haradali zinasimama nayo vizuri. Ukuta wa nyekundu nyingine juu yake unagombana nayo kila siku.

Fundi, rola na msimu

Pesa za korosho huanza kuingia minada inapofunguliwa Oktoba, na mvua zinabisha hodi mwishoni mwa Novemba au Desemba. Muda ni mdogo. Anayeweza kusubiri apige Juni hadi Oktoba; asiyeweza aandae ukuta kiangazi, kipimo cha nailoni, skimu na msasa vikiisha mapema, ili pesa ikifika kibaki kazi ya rola. Anza saa tatu asubuhi unyevu wa usiku ukishaondoka, acha saa kumi. Kopo linasema mkono wa pili baada ya saa mbili hadi nne. Kwa rangi iliyokolea na hewa ya bahari, lala nayo usiku mmoja kati ya mkono na mkono. Vikolezo vinachelewesha kukauka, na mkono wa pili juu ya wa kwanza ulio mbichi huvuta ngozi na kuacha mikunjo.

Maji yasizidi kiasi kilichoandikwa kwenye kopo, mara nyingi asilimia 5 hadi 10. Fundi aliyezoea kunyoosha nyeupe kwa maji nusu kwa nusu atakuharibia rangi kali siku hiyohiyo, kwa sababu haina ule unga wa kumfichia. Mwambie mapema, kwa heshima: "Fundi, maji nitaweka mimi," kisha pima: lita 4, maji yasizidi glasi moja kubwa. Rola ya manyoya ya milimita 9 hadi 12 kwa ukuta uliopigwa skimu, ya 18 kwa plasta ghafi. Pembeni na juu akate kwa brashi kipande kidogo tu, rola imfuate kabla hakijakauka. Akizunguka chumba kizima na brashi kwanza, kesho utaona fremu ya giza kuzunguka ukuta, na haiondoki mpaka mkono mwingine. Upepo wa kusi ukivuma funga dirisha la upande huo, maana unakausha ukingo kabla rola haijarudi, na panapounganika huacha mstari.

Kwa mstari ulionyooka kati ya rangi mbili: bandika tepu ya karatasi, paka kwanza juu ya ukingo wake ile rangi nyepesi ambayo tayari iko ukutani, ikauke. Hiyo ndiyo itakayoziba vitundu. Piga rangi kali juu, na ung'oe tepu ingali mbichi, kwa kuikunja nyuma kwa mshazari. Ukisubiri ikauke inatoka na meno.

Mapungufu ya bidhaa yenyewe

Yapo, na si ya ukuta wala ya fundi. La kwanza ni machozi: michirizi ya kahawia inayonata, inayoteremka ukutani wiki za mwanzo, hasa karibu na bafu na jikoni. Ni vitu vya sabuni vilivyomo kwenye kikolezo, vinatolewa na unyevu kabla rangi haijakomaa. Futa kwa kitambaa chenye maji vuguvugu, itatoka mara mbili tatu kisha itakoma. La pili, ngozi inabaki laini muda mrefu. Usioshe ukuta kabla ya wiki nne, usiegemeze kabati kabla ya wiki mbili, litang'oka na rangi. La tatu, marekebisho yanaonekana. Kwaruzo kwenye nyeupe unaliziba kwa brashi na kusahau, kwenye bluu ya kina utapiga ukuta mzima kutoka kona hadi kona.

Zile chupa ndogo za kikolezo cha mkono, za kujichanganyia kwenye ndoo nyeupe, si mbadala. Zinafaa kutengeneza kijivu cha mkono wa chini na rangi laini. Ukitaka kufika kwenye rangi kali kwa chupa hizo, utatia kuzidi kiasi na rangi haitakauka sawasawa, itakupaka mkono kila ukipita.

Kwa rangi za mafuta za milango, kuweni waangalifu na manjano na nyekundu zinazong'aa. Rangi hizo mara nyingi zimekuwa zikitengenezwa kwa risasi, na mtoto anayetafuna ukingo wa mlango hachagui. Kiwango kinachopendekezwa na WHO ni risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni. Nunua kopo lenye alama ya TBS na maandishi kwamba halina risasi, na mlango wa zamani usioujua usiupige msasa mkavu. Lowanisha, pigia nje, watoto wakae mbali.

Rangi iliyobaki hamishia kwenye chupa ya kioo ya ukubwa wake, ijae mpaka juu, hewa isibaki. Ibandike karatasi ya fomula, andika chumba na tarehe, uiweke uvunguni, mbali na bati la stoo.